Je, Wajua? Mimba Baada ya Kupandikizwa Figo

Je, wajua kwamba mwanamke ambaye figo zake zimeshindwa kazi, na hedhi yake aghalabu ikakatika pamoja nazo, huweza baada ya kupandikizwa figo moja tu kurudiwa na uzazi katika miezi michache, pengine kabla hajalitarajia jambo hilo? Wa kwanza kujulikana ni Edith Helm wa Marekani, aliyepewa figo na pacha wake mwaka 1956 mjini Boston, naye Machi 1958 akajifungua mtoto wa kiume. Hapa kwetu Tanzania upandikizaji wa figo ulianza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2017.

Figo mpya huwekwa sehemu ya chini ya tumbo, jirani ya mji wa mimba (na zile kongwe, ajabu kidogo, kwa kawaida huachwa mahali pake). Matabibu hutaka mwanamke asubiri walau mwaka mmoja, wengine miwili, hata figo itulie. Na maikofenoleti, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo mpya, ambayo humdhuru mtoto tumboni, hubadilishwa kwa nyingine, kama azathioprini, wiki 6 au zaidi kabla ya mimba, maana kuacha dawa zote ni kuipoteza figo yenyewe. Hatari kubwa ni shinikizo la damu na kuzaa kabla ya wakati.

Basi mama aliyepandikizwa figo, wa Kayanga au Murongo mkoani Kagera, ambaye jirani yake ni hospitali ya Nyakahanga au Isingiro, ilhali hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na amwone daktari wake wa figo kabla ya kuacha uzazi wa mpango.