Kitabu cha mkono: kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe

Si kila kitabu hutoka kiwandani. Huko Siyu, kisiwani Pate nchini Kenya, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili Kurani kwa mkono, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Leo nakala hizo zinatunzwa kama kazi za sanaa.

Wanafunzi wa Arusha na Meru wanaweza kuanza na karatasi nne za A4. Zipange pamoja, zikunje katikati, utapata kurasa 16. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Pitisha sindano tundu la kati kutokea ndani, iingie tundu la juu, itoke la chini, irudi katikati, kisha funga fundo. Jalada ni boksi kuukuu lililofunikwa kwa ganda kavu la mgomba.

Ndani uandike nini? Bibi anajua majina ya Kimeru ya ndizi ambayo mjukuu hajawahi kuyasikia. Kila ndizi ipewe ukurasa wake: jina, mchoro, na kama ni ya kupika au ya kuivisha. Yasipoandikwa, majina hayo yataondoka na wazee.

Siku ya maonesho, msivifungie vitabu kabatini. Kwa kuwa kila kitabu ni kimoja tu, pigeni kwanza picha za kurasa kwa simu. Kisha viwekeni mezani, watu wanawe mikono na kuvifungua. Waalikeni wazee pia: jina likikosewa, wao ndio watakaolisahihisha.