Nyuzi Zisizosubiri

Mtoto akizaliwa Voi na macho yenye weupe wa kibuluu, jirani wa kwanza atasema ni mtoto wa jicho. Huenda sivyo. Mtoto wa jicho hukaa ndani, kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Weupe unaoificha hata mboni yenyewe uko mbele, kwenye konea, kile kioo cha jicho chenye unene wa nusu milimita tu. Wazee huuita chamba.

Konea haina mishipa ya damu. Hubaki angavu kwa sababu upande wake wa ndani una utando wa seli zinazofanya kazi ya pampu, zikitoa maji usiku na mchana. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi, hitilafu ya jeni iitwayo SLC4A11 huidhoofisha pampu hiyo. Konea hulowa, huvimba, hufifia. Wazazi wenyewe wanaona vizuri. Kila mmoja amebeba nakala moja mbovu bila kujua, na katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuzipata zote mbili ni mmoja kwa nne. Hakuna aliyelogwa.

Mwaka 1905, mjini Olomouc, daktari Eduard Zirm alimpandikizia konea kibarua aliyeunguzwa na chokaa, naye akaona. Lakini huyo alikuwa mtu mzima. Jicho la mtoto mchanga ni laini mno: ukishaikata konea, lenzi nayo inataka kutoka. Konea mpya hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kwa mtu mzima uzi huweza kukaa mwaka mzima. Kwa mchanga, anayepona haraka, hulegea baada ya wiki chache. Uzi uliolegea hualika vijidudu na mishipa ya damu, na damu huja na askari wa mwili wanaoikataa konea ya mgeni. Mtoto hawezi kusema jicho linamchoma, kwa hiyo hulazwa kwa dawa ya usingizi kila anapochunguzwa.

Siku hizi waweza kupandikizwa utando wa ndani peke yake, ukashikiliwa na kiputo cha hewa. Mgonjwa alale chali, atazame juu. Mwambie hivyo mtoto wa miezi sita!

Na kungoja akue ni hatari. Hubel na Wiesel, washindi wa Nobel ya 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho lililofungwa mapema, hata likifunguliwa baadaye, ubongo hushindwa kulitumia.

Konea yenyewe hutoka kwa marehemu. Katika Milima ya Taita, jirani na Voi, ambako mababu walifukua mafuvu ya wafu wao na kuyahifadhi mapangoni, sidhani wazo hilo ni geni kama tunavyodhani.

Kinachonisumbua ni umbali wa kumfikia daktari wa upasuaji huo. Kutoka Voi hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 330. Treni ya SGR imepunguza saa tangu 2017. Nauli ya kwenda na kurudi, tena na tena, bado ni ya mzazi. Kabla ya kuuliza nani atapasua, ningeuliza nani hapa Voi mwenye taa na darubini ya kuuchungulia uzi huo wiki ijayo.