Wakili Huulizwa Kabla ya Kulipwa

Hiyana ya mtu baki huuma. Ya mtu mliyekula naye sahani moja huvuruga akili, na aliyevurugwa akili hachagui wakili vyema. Bibi mmoja wa hapa Mombasa, aliyeridhia kisa chake kiandikwe bila jina, aliachana na mumewe kwa wema. Duka la vitambaa walilolianzisha pamoja waliona walibakishe, kila mmoja na nusu yake. Mwaka wa pili baada ya talaka alikuta rafu tupu na akaunti ya duka imekaushwa.

Alikimbilia kwa Kadhi. Alisikilizwa kwa upole, kisha akaambiwa shauri hilo si la hapo. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi masuala ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Lau angedai mahari yake, angepokewa. Lakini ushirika ulioendelea baada ya talaka ni biashara, na biashara huamuliwa na mahakama za kawaida. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Lake lilipita kiasi hicho.

Mjomba wake akampeleka kwa wakili wa jamaa zao, mtu wa heshima, ambaye kazi yake ya miaka yote ni hati za mashamba na nyumba. “Niachie mimi, mwanangu,” akamwambia, akapokea malipo bila kutoa risiti. Miezi minane ikapita na kesi haijafunguliwa. Bibi huyu aliona haya kumwuliza, na haya hizo, kwa maoni yangu, zilimgharimu karibu sawa na hiyana yenyewe.

Wakili wa pili hakuwa na udugu na yeyote. Kabla ya kumwendea, alilitafuta jina lake katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, ambako raia yeyote aweza kuona kama wakili ana cheti cha kazi cha mwaka huo. Alipofika, aliuliza yeye kwanza: Umewahi kumwakilisha mtalaka wangu? Mashauri ya ushirika umeyaendesha? Wakili hakuudhika. Alitaka karatasi: mkataba, taarifa za benki, stakabadhi za mizigo, jumbe za simu. Akamwonya kwamba fedha alizomkabidhi mwenzake mkononi, bila shahidi wala maandishi, zitakuwa ngumu kuthibitika. (Aya ya 282 ya Suratul Baqara twaisoma sana, kuitenda dukani ni jambo jingine.) Hakuahidi ushindi. Wala hakudai fungu la kitakachopatikana, kwa kuwa sheria hairuhusu wakili alipwe kwa sharti la kushinda. Ada waliiandika, wakatia sahihi.

Wazee walipoomba sulhu, wakili aliikubali, mradi iandikwe na isile muda. Dai la mkataba hupitwa na wakati baada ya miaka 6. Penye ulaghai, hesabu huanza pale mdai alipougundua au alipopaswa kuugundua.

Kesi sasa iko mahakamani. Kuhusu yule wakili wa kwanza, angeweza kumshtaki kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Hajafanya hivyo. Mjomba yungali hai, asema, na Idi wote hukutana nyumba moja.