Hesabu Mawe Kabla ya Kukata Waya

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini, redio ndogo ya betri ingali na nafasi yake juu ya kabati, ingawa siku hizi simu nayo huleta taarifa ya habari na muziki. Kasoro yake ni ulaji. Redio inayokula mawe manne makubwa, ikifunguliwa tangu alfajiri hadi usiku, humdai mwenyewe mawe mengine kabla mshahara haujatoka. Na huku chaja ya simu imechomekwa ukutani haina kazi! Si ajabu basi kijana wa nyumba akaanza kuutazama waya wake kwa jicho la tamaa.

Tamaa hiyo si mbaya. Kilicho kibaya ni kukata waya kwanza, hesabu baadaye.

Jiwe la kawaida, liwe nene au jembamba kama kidole, lina volti 1.5. Unene huongeza muda wa kudumu, hauongezi volti. Mawe yakipangwa kichwa kwa mkia, volti zake hujumlishwa: mawili hutoa 3, matatu 4.5, na manne 6. Chaja ya USB kwa upande wake hutoa volti 5. Zile za kisasa zichajizo haraka hupandisha volti pale tu zinapoafikiana na simu; redio haina uwezo huo, hivyo itapewa 5 zile zile.

Redio ya mawe manne ndiyo yenye bahati. Ikipewa 5 badala ya 6, huwa kama iliyotiwa mawe yaliyokwisha tumika kiasi. Huenda sauti ikakwaruza ukiifungulia mno, lakini haiungui. Ya mawe matatu imezidishiwa kidogo. Dayodi moja ya silikoni, kitu cha bei ndogo sana kwa fundi redio, ikiwekwa kwenye waya wa chanya hupunguza karibu volti 0.7 na mambo huwa sawa.

Balaa liko kwenye mawe mawili. Kifaa cha volti 3 kikiungwa moja kwa moja na 5 chaweza kuungua papo hapo, au kikafanya kazi wiki nzima kikimdanganya mwenyewe, kisha kikafa. Wapo watakaokushauri uweke rezista tu. Ushauri huo haufai, kwa sababu rezista hupunguza volti kulingana na mkondo unaopita. Kifaa kikitulia na kuvuta umeme kidogo sana, karibu volti zote 5 humfikia. Kinachotakiwa ni kibao kidogo cha kushusha volti, nacho kirekebishwe hadi 3 kwa mita kabla hakijaunganishwa. Saa ya ukutani yenye jiwe moja iacheni ilivyo. Jiwe hilo hudumu miezi mingi.

Ndani ya waya wa USB, aghalabu wekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Wa kijani na mweupe ni wa kupitishia habari, nao hufungwa gamba kila mmoja peke yake. Nimesema aghalabu, kwani nyaya za bei rahisi hazifuati rangi. Mita ndiyo shahidi. Tumieni waya wenye kichwa kile kipana cha zamani, maana chaja yenye tundu jipya la mviringo wa bapa haitoi umeme hadi itambue rezista maalumu upande wa pili.

Fyuzi ya nusu ampea kwenye waya wa chanya, karibu na kichwa, isiachwe. Chaja nyingi za simu zaweza kutoa ampea 2, na nyaya nyembamba zikigusana kitandani au nyuma ya pazia, joto lake si la mchezo.

Mawe nayo yatolewe yote. Yakiachwa ndani huku umeme wa chaja unaingia, yaweza kusukumiwa umeme kinyume. Na mawe ya kawaida hayakuundwa ili yachajiwe. Huvuja maji yanayokula vyuma, na pengine hupasuka.

Hata hivyo, chombo kinachostahili kushukiwa kuliko vyote ni chaja yenyewe. Upande mmoja ina volti 230 za ukutani, upande wa pili 5, na katika chaja bandia kinachozitenganisha huwa ni hafifu. Redio yenye antena ya chuma inayoshikwa na mtoto mwenye mikono mibichi haifai kabisa kuungwa na chaja ya namna hiyo.

Mashine ya kupimia shinikizo la damu isikatwe waya wala kuongezwa. Nyingi zina tundu lake la umeme, na volti zake huandikwa pembeni.

Na kama redio itaanza kunguruma kwenye masafa ya kati mara tu ichomekwapo, chaja ndiyo inayonguruma. Isogezeni mbali, au jaribuni nyingine.