Farasi Hukimbia kwa Miguu, si kwa Nasaba

Wahenga walituachia methali kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika ulimwengu wa farasi wa mbio methali hiyo imegeuzwa kuwa kanuni ya soko. Huko mwanafarasi hununuliwa mnadani angali na umri wa mwaka mmoja, kabla hajapata kushindana na mwenzake hata mara moja, na bei yake hukisiwa kwa kutazama baba yake ni nani, mama yake ni nani na babu yake alishinda wapi. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Maoni yangu ni kwamba methali ile, ingawa ina chembe ya ukweli, imewapotosha matajiri wengi, na isipowekewa mipaka itawadhuru hata farasi wenyewe.

Huenda msomaji akaniuliza: farasi watuhusu nini sisi tusiomiliki hata punda? Naam, watuhusu. Mbio za farasi zilianza Nairobi mapema katika karne ya 20, na uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954. Beryl Markham, ambaye wengi humjua kama rubani, alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio humu nchini angali kijana mbichi. Isitoshe, mwalimu anayefundisha somo la urithi katika Biolojia hatapata mfano ulioandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko ukoo wa wanyama hawa.

Farasi wa mbio wa aina ya thorobredi, tukifuata mstari wa baba, wote ni uzao wa madume watatu tu walioletwa Uingereza kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, nchini Syria, akafika Uingereza mwaka 1704. Katika uzao wake alitokea Eclipse, aliyezaliwa siku ya kupatwa kwa jua mwaka 1764, ambaye hakushindwa maisha yake yote. Leo zaidi ya farasi tisa kati ya kumi wa aina hii hutokana na Darley Arabian kwa upande wa baba. Kitabu cha nasaba zao kilianza kuchapishwa mwaka 1791, na tangu zamani mlango wake umefungwa: asiye na wazazi walioandikwa humo hakaribishwi.

Basi na tutazame soko linaloabudu kitabu hicho. Mwaka 1983, katika mnada wa Keeneland huko Kentucky, Marekani, mwana wa dume mashuhuri Northern Dancer aliuzwa kwa dola milioni 10.2. Aliitwa Snaafi Dancer. Hakukimbia hata mbio moja, na alipopelekwa kuzalisha alizaa watoto wanne tu. Mwaka 2006 farasi aitwaye The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16. Wanunuzi walivutiwa na kasi yake katika mita 200 alizokimbia peke yake, na pia na majina ya Northern Dancer na Secretariat katika ukoo wake. Alishindana mara tatu, hakushinda hata mara moja, na tuzo zake zote zilikuwa dola 10,440.

Kinyume chake, mwaka 1975 mwanafarasi mmoja ambaye hakuna aliyemgombania aliuzwa kwa dola 17,500. Huyo ndiye Seattle Slew, ambaye mwaka 1977 alishinda mbio zote tatu kuu za Marekani akiwa hajawahi kushindwa na yeyote.

Sidai kwamba urithi ni bure. La hasha! Seattle Slew mwenyewe baadaye alikuwa mzazi wa mabingwa, na mwaka 1984 aliongoza madume wote wa Marekani kwa tuzo walizopata watoto wake. Ninachosema ni kwamba urithi ni kama kapu la mbegu: kila mzazi hutoa nusu ya zilizomo ndani yake, na hakuna ajuaye ni nusu ipi. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana, iwe zizini au darasani. Anayelipa mamilioni kwa ajili ya jina ananunua tumaini, ilhali anadhani amenunua ushindi.

Kwa nini basi kosa hili larudiwa kila mwaka na watu wenye akili timamu? Kwa sababu faida kubwa haimo tena katika mbio, imo katika uzazi. Chukua mfano wa Justify. Mwaka 2018 alikimbia mara sita, akafika wa kwanza katika zote, zikiwamo zile mbio tatu kuu, akajipatia dola milioni 3.8 hivi. Kifundo chake cha mguu kilivimba, akastaafishwa mwaka uo huo. Msimu uliofuata ada yake ilikuwa dola 150,000 kwa kila jike, naye alipandishwa majike zaidi ya 200. Hata kama nusu tu yao wangezaa, mapato ya msimu huo mmoja yangekuwa karibu mara nne ya jasho lake lote uwanjani. Ni mmiliki gani atakayemrudisha bingwa kama huyo uwanjani avunjike mguu?

Hapo ndipo hatari ilipo. Wafugaji wetu wa ng'ombe wamezoea mbegu inayoletwa na daktari wa mifugo, lakini thorobredi hawaruhusiwi njia hiyo. Sharti dume na jike wakutane. Ungedhani kanuni hiyo ingezuia dume mmoja kujaza zizi zima. Haikuzuia. Mwaka 2020 chama kinachotunza kitabu cha nasaba nchini Marekani kiliamua kwamba dume aliyezaliwa kuanzia mwaka huo asipandishwe zaidi ya majike 140 kwa mwaka. Wenye madume makubwa walipinga mahakamani, wabunge wa Kentucky nao wakaingilia kati, na mwaka 2022 kanuni ikaondolewa. Mwaka huo huo wa 2020 ulichapishwa utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba uzazi wa ndugu kwa ndugu umezidi miongoni mwa farasi hawa, na utafiti mwingine wa mwaka 2022 ukaonyesha kwamba waliozidiwa nao wana uwezekano mdogo zaidi wa kufika uwanjani kukimbia. Soko linakata tawi lililokalia.

Tena kuna wale wasioshinda, nao ndio wengi. Farasi aweza kuishi miaka 25 na zaidi, ilhali aghalabu siku zake za mbio hazipiti miaka mitano. Miaka inayosalia ni ya nani? Naona kwamba anayejivunia picha akiwa kando ya bingwa hana budi kumlisha pia aliyeshika mkia. Ningependa kuona sehemu ya bei ya kila farasi aliyeuzwa mnadani ikiwekwa akiba kwa ajili ya malisho yake ya uzeeni, idadi ya majike kwa kila dume ikawekewa kikomo, na tuzo nono zikatolewa kwa farasi wanaokimbia miaka mingi wakiwa na afya, ili uthabiti nao uwe na thamani sokoni.

Kwenu walimu na wanafunzi, somo liko wazi. Nasi tuna minada yetu. Tunamsifu mtoto kwa jina la baba yake, na tunamkatia tamaa mwingine kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyesoma. Seattle Slew alipoingia uwanjani hakuna aliyemwachia njia kwa ajili ya babu zake. Alikimbia, saa ikapima. Mwalimu asifunge daftari la alama kabla mbio hazijaanza, na mwanafunzi asikubali kuuzwa kwa bei iliyoandikwa na wengine kabla hajakimbia.