Makufuli ya Kompyuta: Kwa Nini Mashine Nzima Hukwama?

Katika mitaa ya Segerea, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, msomaji aweza kukuta njia nyembamba ipitishayo gari moja tu. Magari mawili yakiingia, kila moja kutoka upande wake, yatakutana katikati. Kila moja limeshika nusu ya njia, na lahitaji nusu iliyoshikwa na lenzake. Ikiwa hakuna dereva akubaliye kurudi nyuma, yatakaa hapo hadi usiku, ingawa hakuna gari lililoharibika.

Mkwamo wa namna hii hutokea pia ndani ya kompyuta na simu ya mkononi. Mashine huganda, haiitikii amri yoyote, na mwenyewe hulazimika kuizima. Makala hii yaeleza chanzo cha mkwamo huo na jinsi wataalamu wanavyousaka.

Kiini na makufuli yake

Kompyuta huongozwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Sehemu yake ya ndani kabisa, yaani kiini, hugawa kumbukumbu, diski na muda wa prosesa kwa programu nyingine zote. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndicho kiendeshacho simu za Android.

Mashine za siku hizi hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Tuseme kiini kinaweka hesabu ya vipande vya kumbukumbu vilivyokwisha kutumika, na hesabu hiyo ni 10. Kazi ya kwanza yasoma 10. Kabla haijaandika jibu, kazi ya pili nayo yasoma 10. Kila moja yaongeza 1 na kuandika 11. Vipande viwili vimechukuliwa, lakini hesabu imeongezeka kwa kimoja tu! Ili kuzuia kosa hili, hesabu hulindwa kwa kufuli: kazi itakayo kuigusa hushika kufuli kwanza, na nyingine hungoja mpaka liachiwe.

Duara la wangojaji

Taabu huanza pale kazi inapohitaji makufuli mawili. Kazi A imeshika kufuli la faili, nayo yataka la diski. Kazi B imeshika la diski, nayo yataka la faili. Zote mbili zitangoja milele, na kila kazi nyingine itakayo makufuli hayo itapanga foleni nyuma yake.

Mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani walieleza masharti manne ambayo hapana budi yatimie kwa pamoja ndipo mkwamo utokee:

1. Kitu hutumiwa na mmoja tu kwa wakati.
2. Mwenye kitu hukishikilia huku akingoja kingine.
3. Hakuna awezaye kumnyang'anya.
4. Wangojaji hufanya duara.

Sharti moja likivunjwa, mkwamo hauwezekani.

Kuusaka mkwamo

Ugumu wa kasoro hii ni kwamba hutegemea muda. A na B zaweza kupishana salama mara milioni moja, kisha zikagongana mara moja tu. Aidha, mtaalamu akiongeza amri za kuandika taarifa ili aone kinachotendeka, amri hizo hubadili muda, na kasoro hujificha. Kwa hiyo mashine kutokwama siku nzima si ushahidi kwamba ni salama.

Mashine ikikwama, mtaalamu huuliza: kila kazi yangoja kufuli lipi, na ni nani aliyelishika? Huchora mishale, ikirudi ilikoanzia, duara limepatikana.

Lakini ni heri kutongoja ajali. Mwaka 2006 Linux iliongezewa kikaguzi kiitwacho lockdep, kazi ya Ingo Molnár. Kikaguzi hiki huweka kumbukumbu ya mfuatano wa kushika makufuli. Kikiona mahali pamoja "faili kisha diski" na kwingine "diski kisha faili", hutoa onyo papo hapo, hata kama kazi hizo hazijapata kugongana. Kwa kuwa hupunguza kasi ya mashine, kwa kawaida hutumiwa wakati wa majaribio.

Tiba yenyewe ni utaratibu: makufuli yapewe namba, na kila kazi iyashike kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Hapo kila mwenye kufuli hungoja namba iliyo juu ya yake tu, na mishale ipandayo daima haiwezi kufunga duara.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweke mezani rula moja na bikari moja. Wanafunzi wawili watakiwe kila mmoja kuchora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 5, bila kuachia kifaa mpaka amalize. Kwanza mmoja aanze na rula, mwingine na bikari. Kisha iwekwe kanuni kwamba rula hushikwa kwanza daima. Darasa lijibu: ni sharti lipi kati ya yale manne lililovunjwa?