Idhini Itolewe Kabla ya Dharura



Mama mmoja wa pwani aliyeolewa bara, na ambaye sasa makao yake ni Nyacheki katika kaunti ya Kisii, ametuletea swali ambalo tumeona ni haki lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Mumewe ni mfanyabiashara, na kazi humweka Mombasa majuma kwa majuma. Yeye ni mjamzito, na nyumbani yuko na watoto wadogo. Anauliza: likimfika jambo usiku, na simu ya mume haipatikani, je, yafaa atoke kwenda hospitali bila ya idhini na bila ya mahram? Na akifika huko akamkuta tabibu ni mwanamume, afanyeje?

Swali hili si la Nyacheki peke yake. Huulizwa Pate na Siyu, ambako njia ya hospitali ni bahari; huulizwa vijiji vya Kwale, na huulizwa hata Mombasa mjini, ambako hospitali iko karibu lakini mume yuko Ghuba. Kwa hivyo tutalijibu kwa mapana: sheria yasemaje, dharura ni ipi, na mtu aiendee vipi.

Tuanze na sheria. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu matano ya sharia yetu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, wametaja hali ambazo mke hutoka nyumbani bila ya kungoja ruhusa, na mfano wao mashuhuri ni nyumba inayoelekea kuporomoka. Mwanamke atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa yuko katika nyumba inayoporomoka, ijapokuwa kuta zimesimama. Basi atoke. Wala asikae kumtafuta mahram ilhali jirani mwema yuko mlangoni. Mwenye kuswali akiona mtu anazama na anaweza kumwokoa, hukata swala yake akamwokoe. Ikiwa swala yenyewe hukatwa, itakuwaje simu ya mume ingojewe?

Kuhusu tabibu mwanamume, asili ni mwanamke atibiwe na mwanamke, na ni haki yake kumwomba tabibu wa kike akiwapo. Asipokuwapo, au kumngoja kukiwa na hatari, dharura huhalalisha lile lililokatazwa kwa kiasi cha haja yake: lifunuliwe linalohitaji kutibiwa, na mwanamke mwaminifu awe karibu ikiwezekana. Damu ya kuongezwa mwilini huingia katika hukumu hiyo hiyo. Na aliyefunga, hata ikiwa ni Ramadhani, afungue, atalipa siku nyingine.

Tukumbuke kisa alichokisimulia Jabir, kilichomo katika mkusanyiko wa Abu Daud. Mtu mmoja alijeruhiwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari aliwakemea vikali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, kwa kuwa hawakujua na hawakuuliza. Basi na atahadhari kila mwenye kumwambia mgonjwa "subiri kwanza" pasi na elimu.

Sasa, dharura ni ipi? Si kila homa ni dharura, na si kila maumivu ni ya kustahamiliwa.

Kwa mjamzito: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona kiwi, au uso na mikono kuvimba, kwani hizo ni dalili za kifafa cha mimba, degedege, chupa kupasuka na uchungu usije, na uchungu uliopita saa 12 bila mtoto kuzaliwa. Baada ya kuzaa: kondo la nyuma lisilotoka kwa nusu saa, na damu inayolowesha kitambaa kizima kwa muda wa dakika 5. Matabibu huhesabu nusu lita ya damu kuwa tayari ni hatari, na nusu lita yaweza kupotea upesi kabla wakunga hawajamaliza kushauriana.

Kwa mtoto: asiyeweza kunyonya wala kunywa; anayetapika kila akipewacho; aliyepatwa na degedege; aliyelegea asiamke; na ambaye kifua chake hubonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mchanga wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi mwaka, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hatari. Jambo hili lina uzito zaidi Kisii, kwani nyanda zile za juu hupatwa na milipuko ya malaria ambayo miili ya wenyeji haikuizoea kama yetu ya pwani.

Kwa mtu mzima: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, au ulimi kuwa mzito kwa ghafla, hicho ni kiharusi. Wakati kilipoanza ukumbukwe, maana baadhi ya dawa zake hufaa ndani ya saa 4 na nusu tu. Vilevile kifua kinachobana, pumzi zinazokatika, jeraha la kichwa, kuungua eneo kubwa, na kunywa sumu au mafuta ya taa.

Ama mafua mepesi, upele wa siku nyingi, mgongo wa miaka, au dawa ya presha iliyokwisha, hayo ni ya zahanati mchana. Katika idara ya dharura, ile waiitayo kazualti, wagonjwa hawaonwi kwa kutangulia kufika, bali aliye hatarini zaidi hutangulizwa. Ukiona aliyekuja nyuma yako ameingizwa mbele, usidhani umedhulumiwa. Lakini ikiwa mgonjwa wako anazidi kuwa vibaya hapo mlipokaa, inuka umwambie muuguzi, wala usione haya.

Na mtu aiendee vipi? Nambari za dharura za serikali ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199. Ziandikwe ukutani, si katika simu ya mume pekee. Hata hivyo, aliyefika nyanda za Kisii anazijua njia zake: vilima juu ya vilima, na mvua ikinyesha udongo huteleza. Gari la wagonjwa laweza kukawia. Kwa hivyo familia iwe na nambari za madereva wawili wa karibu wenye gari, na kuwe na makubaliano nao mapema juu ya safari za usiku. Bodaboda ni msaada kwa mwenye kukaa vyema, lakini mama anayetoka damu apaswa kulala, afunikwe apate joto, na asiketi wima juu ya pikipiki ila pasipo na njia nyingine.

Ni wajibu pia kujua hospitali ipi ina nini. Kenya imepanga vituo vya afya kwa ngazi 6. Zahanati ni ngazi ya 2, nayo haina chumba cha upasuaji. Nyacheki pana hospitali ya kaunti ndogo, na juu yake, mjini Kisii, kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Mama mjamzito aulize mapema kliniki: je, hapa upasuaji hufanywa usiku? Damu ya kuongeza ipo? Ikiwa haipo, mgonjwa hupelekwa wapi, na kwa gari gani? Hata hivyo, mwenye hali mbaya asipitishwe mbio mlangoni pa hospitali ya karibu kwa kuitamani kubwa ya mbali. Apite kwanza apewe maji ya mshipa na dawa za kuzuia damu, kisha apelekwe kwa barua ya rufaa, huku hospitali ikiwapigia simu wa mbele wajitayarishe.

Kabla ya kufika huko, madhara yasiongezwe. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20; asipakwe samli, yai wala dawa ya meno. Mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Kisomo na dua ni ngome ya muumini, nasi hatukatazi. Lakini na visomwe garini, njia ikikatwa. Mchukue kitambulisho, kijitabu cha kliniki, na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake.

Wengi huzuiwa na hofu ya fedha. Ifahamike kuwa Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeongeza kuwa kituo chenye uwezo kikikataa kutibu dharura chaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Haki hiyo ni ya kuokolewa na kutulizwa hali kwanza. Haina maana kwamba hakuna malipo yoyote baadaye. Kwa hivyo familia zijiandikishe mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa simu ya kawaida hubonyezwa *147#. Kujiandikisha wakati mgonjwa yuko kitandani ni kutafuta kamba baada ya ndoo kuzama.

Sasa twawageukia waume. Idhini ya hospitali isiwe ya kuombwa. Iwe imekwisha kutolewa. Mwambie mkeo leo, mbele ya mama yako na dada zako, kwamba akihisi hatari kwake au kwa mtoto, rai ni yake, na wala hatalaumiwa hata ikidhihirika kuwa haikuwa dharura. Mwachie fedha za safari mahali anapopajua. Nao mama wakwe, ambao kauli yao husikizwa sana nyumbani, wasiseme "sisi tulizaa hivi hivi." Wapo waliozaa hivyo hivyo wakafa, na hao hawapo leo kutusimulia.

Na kwa jamaa wa msikiti: Saad bin Muadh alipojeruhiwa mkononi katika vita vya Khandaq, Mtume aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti, na aliyekuwa akiwatibu majeruhi ni mwanamke, Rufaida wa kabila la Aslam. Basi msikiti wa leo hauwezi hata kuwa na daftari la madereva wa usiku na watu walio tayari kutoa damu? Kule Nyacheki ambako Waislamu ni wachache, jirani wa dini nyingine ndiye mara nyingi atakayeitika kwanza. Apokewe kwa shukrani, na ajuliwe kabla ya siku ya shida. Haki ya jirani haikuwekewa mpaka wa dini.

Jioni hii, kabla ya kulala, kila nyumba ijiulize mambo manne: nani ataendesha, tutakwenda wapi, fedha ziko wapi, na nani atabaki na watoto. Majibu yasipopatikana katika utulivu wa sebuleni, hayatapatikana gizani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wepesi pale wepesi unapookoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.